Maswali ya Lugha: Waliopigana Maji Maji ni waasi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Mwanangu yupo kidato cha pili, juzi usiku anajisomea historia akaniuliza eti mama hawa waasi wa Maji Maji ndo kama wale waasi wa Kongo wanaotajwa redioni? Baba yake akadakia wale ni mashujaa sio waasi, mimi nikasema kama daftari limeandika waasi basi ni waasi, tukabishana mpaka ugali ukapoa. Muasi ni nani hasa?

JIBU: Marahaba mama. Kwa hili niko upande wa baba watoto, na nitakwambia kwanini.

Neno limetoka kwenye kuasi, tumelipata kwenye Kiarabu, maana yake kukataa kutii. Ila sio kila anayekataa kutii ni muasi, lazima kuwe na utii ambao alikuwa anadaiwa. Mtoto anamuasi mzazi aliyemlea, askari anaasi jeshi aliloapa kulitii, muumini anamuasi Mungu wake. Soma Isaya sura ya kwanza, Mungu analalamika kwamba watoto aliowalisha na kuwalea ndo hao hao wamemuasi, na kwenye Kurani tunaambiwa Adamu alimuasi Mola wake. Hata magazeti yakiandika fulani kauasi ukapera, ni kwamba alikuwa humo na sasa katoka.

Sasa njoo kwa Wamatumbi, kabila la kusini walioanzisha Maji Maji dhidi ya utawala wa Mjerumani. Julai 1905 pale Nandete waling'oa pamba shambani, pamba waliyolazimishwa kulima kwa kiboko na malipo yenyewe kiduchu, vita ikaanzia hapo ikasambaa kusini yote mpaka 1907. Hawa walimlia Mjerumani kiapo lini? Alikuja na bunduki akajitangaza mwenye nchi, halafu waliomkataa akawaandika kwenye ripoti zake kuwa ni waasi, na kwake yeye ilikuwa sawa kwa sababu alishajihesabu bwana, lakini sisi wajukuu wa hao hao waliochapwa tukilibeba neno lake bila kulipima tunakuwa tumekubali kwamba nchi ilikuwa yake. Hilo linaniuma sana mama. Nenda Songea, wapiganaji wa Kingoni walionyongwa na Mjerumani 27 Februari 1906 wanakumbukwa kila mwaka tarehe hiyo, na wanaitwa mashujaa. Na hata hapa jirani zetu Singida, Wanyaturu wanamsimulia Liti, mwanamke aliyewagomea Wajerumani, masimulizi yanasema aliwaachia nyuki, na leo uwanja wa mpira wa Singida unaitwa Liti. Huwezi ukampa muasi uwanja.

Kwahiyo mwambie mwanao aandike Vita vya Maji Maji na wapiganaji wa Maji Maji.

Ukitaka kuona neno limekaa mahali pake angalia Januari 1964. Tarehe 12 Zanzibar yakatokea yale tunayoyaita Mapinduzi, waliofanya tunawaita wanamapinduzi. Siku nane tu baadae, tarehe 20, askari wa Tanganyika Rifles, yaani jeshi la Tanganyika la wakati huo, kambi ya Colito pale Dar wakawageuka maofisa wao wakidai mshahara na maofisa Waingereza waondoke, ikafika mpaka kambi ya Tabora, na hayo kila mtu anayaita maasi ya jeshi. Hoja ya mshahara ilikuwa na mashiko, mimi siipingi, ila walikuwa wameapa kuitii serikali wakaivunjia amri, kwahiyo neno linawakaa sawasawa. Jeshi lile likavunjwa, Septemba mosi mwaka huo huo ikaundwa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Na wa Kongo? M23, kundi lenye silaha la mashariki mwa Kongo, lilianza 2012 na wanajeshi walioasi jeshi la serikali, kwahiyo redio haijakosea. Wao wenyewe hawajiiti hivyo, na ndo kawaida ya hili neno, utalisikia zaidi kwa anayeasiwa.

Kuhusu kuandika, utakuta mwasi na muasi, vyote watu wanaelewa, wingi ni waasi. Ila chonde chonde msichanganye na muasisi. Muasisi ni aliyeanzisha kitu, yaani mwanzilishi, na hapa Dodoma kwenye mabango ya vyama na taasisi ukiruka zile herufi mbili tu waasisi wa taifa wanageuka kuwa waasi wa taifa, na bango lishapandishwa barabarani.

SWALI: Habari mwalimu, naandika kutoka Manyoni. Muasi na mhaini si ni kitu kimoja?

JIBU: Salama ndugu yangu. Hapana. Uhaini ni kuisaliti nchi yako, kula njama za kuipindua au kumsaidia adui yake, na kwenye sheria zetu adhabu yake ni kifo. Mhaini anaweza kukaa nawe meza moja miaka na miaka hujui lolote. Muasi anajulikana, amekataa amri hadharani, pengine na silaha mkononi. Ndo maana ile kesi ya 1970 iliyomgusa Bibi Titi Mohamed, yule mpigania uhuru wa Tanganyika, iliitwa kesi ya uhaini, maana mashtaka yalikuwa ya njama za kuipindua serikali, hakuna kikosi kilichokuwa kimeingia barabarani. Mtu mmoja anaweza kushtakiwa uhaini kwa sababu ameasi, hapo maneno yanakutana, lakini mtoto aliyekataa kwenda kuchota maji mwite mkaidi, uhaini haumhusu kabisa.