Kano ya kisigino imegoma na mashindano yamebaki wiki tano

Swali limekuja kwa ufupi, kutoka kwa mtu anayejiandaa kwa Ironman ya Afrika Kusini, yaani mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio mfululizo kwa siku moja: "Kaka, mshipa wa nyuma ya kisigino umevimba, Ironman ya Nelson Mandela Bay imebaki wiki tano. Nipumzike kabisa wiki mbili au nijikaze?"

Yote mawili hapana. Ukijikaza, uvimbe unageuka kilema cha miezi. Ukilala wiki mbili, maumivu yatatulia kweli, ila kano (maana hiyo ni kano, si mshipa wa damu) itakuwa imepungua nguvu. Halafu uipe kilomita 42.2 baada ya kuogelea 3.8 na kuendesha 180! Kila hatua ya mbio inaivuta kwa nguvu mara sita ya uzito wako au zaidi, na marathoni ina hatua kama elfu ishirini kwa kila mguu. Kano inataka mzigo uliopimwa. Haitaki kitanda, na haitaki ushujaa.

Kwanza hakikisha haijakatika. Aliyekatika kano husikia "pah!" akadhani amerushiwa jiwe au amepigwa teke, akigeuka haoni mtu. Lala kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, mwenzako abinye shavu la mguu. Wayo ukisogea, vidole vikaelekea chini kama vya mguu mzima, ni dalili njema. Usiposogea, nenda hospitali leo hii. Na usijifariji kwamba "mbona naweza kuuchezesha mwenyewe", kwa sababu kuna misuli mingine inayoweza kuuchezesha wayo hata kano ikiwa imekatika.

Sasa papasa panapouma. Pakiwa sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa wa kisigino, hapo ni katikati ya kano, na mazoezi ya kushusha kisigino chini ya ukingo wa ngazi yanafaa. Pakiwa pale pale kano inaposhika mfupa, ngazi ni sumu: kisigino kikishuka chini, kano inabanwa dhidi ya mfupa. Fanya kila kitu sakafuni, na acha kunyoosha shavu la mguu kwa kusukuma ukuta. Wengi wanazidisha tatizo kwa kunyoosha huko, tena kwa bidii.

Kipimo chako ni asubuhi. Hatua kumi za kwanza kutoka kitandani, zipe namba kati ya sifuri na kumi, iandike. Kano hainung'uniki papo hapo. Husubiri saa 24 au zaidi. Ndiyo maana mtu anakimbia Jumamosi bila tatizo, anajisifu, Jumapili anashuka ngazi kinyumenyume. Wakati wa mazoezi, maumivu ya hadi 3 yanavumilika, mradi kesho yake namba isipande. Ikipanda, punguza mzigo unaofuata kwa nusu. Kati ya mbio na mbio acha saa 48.

Siku nne tano za kwanza usikimbie. Simama kwa mguu unaouma, inua kisigino nusu, tulia sekunde 45, pumzika dakika mbili, rudia mara tano. Baada ya hapo ingia kwenye mzigo mzito wa polepole, siku moja ndiyo, moja hapana: sekunde tatu kupanda, tatu kushuka, seti tatu za 15, goti likiwa limenyooka, kisha tena goti likiwa limekunjwa. La kukunja usiliruke, linafanyisha kazi msuli wa ndani wa shavu, ambao ndio mfanyakazi mkuu wa mbio ndefu. Ikiwa nyepesi, vaa begi lenye pakiti tano za unga za kilo mbili, ushuke hadi seti nne za 8. Programu kamili ni wiki 12. Kwa wiki tano hutapona. Unalinda nguvu uliyonayo.

Mwone fundi viatu akukatie vipande viwili vya raba ngumu vya milimita 10, uvitie chini ya visigino ndani ya viatu. Viatu vyote viwili, la sivyo unahamishia kesi kwenye nyonga. Vile viatu vyako vya soli bapa viweke kabatini kwanza.

Baiskeli ndiyo itakayokulindia pumzi, lakini nayo inaumiza ikiwa imefungwa vibaya. Kliti, kile kibati chini ya soli kinachonasa pedali, ikikaa mbele sana, karibu na vidole, kifundo kinakuwa na mkono mrefu wa kuzuia na kano inalipa. Chora alama ya kalamu kuzunguka kliti ilipo, legeza skrubu, irudishe milimita 5 kuelekea kisigino, kaza. Kwa kuwa mguu sasa umekuwa kama mfupi, shusha kiti milimita 2 au 3, usizidishe: kiti cha chini mno kinaangusha kisigino, cha juu mno kinakufanya uisake pedali kwa vidole. Jaribu nusu saa ya gia nyepesi, mizunguko 85 hadi 90 kwa dakika, kabla ya safari ndefu. Milima panda umekaa.

Kuogelea hakuna maneno mengi: usijisukume ukutani kwa mguu mbovu, na ukihitaji, weka boya katikati ya mapaja. Kukimbia ndani ya maji ya kina, miguu isiguse chini, kunafaa kwa siku ambazo ungekimbia.

Kuhusu dawa nitasema kwa ukali kidogo. Sindano ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, asubuhi ya mashindano haitibu kano, inazima king'ora tu, na dawa za jamii hiyo ndani ya mwili uliokauka maji zinaweza kuumiza figo. Sindano ya steroidi kwenye kano inahusishwa na kukatika. Na hili wengi hawalijui: siprofloksasini, kidonge tunachokimbilia duka la dawa tumbo likiharibika safarini, imo kwenye kundi la antibiotiki zinazoweza kukata kano. Mwaka 2008 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliagiza liwekewe onyo la juu kabisa. Ukiugua, mwambie daktari mapema kwamba una kano mbovu, akuchagulie nyingine.

Ukirudi kukimbia anza na dakika moja mbio, moja kutembea, mara kumi, barabara tambarare. Ongeza hadi nne kwa moja. Huo pia ndio mpango wa siku yenyewe. Piga hesabu: muda wa mwisho kwa kawaida ni saa 17, na baiskeli hufungwa saa 10 na nusu tangu kuanza, kwa hiyo hata wa mwisho ana saa sita na nusu za marathoni. Dakika nne za mbio kwa mwendo wa dakika 7 kwa kilomita, moja ya kutembea kwa dakika 10 kwa kilomita, unafika kwa saa 5 na dakika 14 hivi, ukiondoa vituo vya maji. Mwenye nusu Ironman, kama ile ya Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu iliyoanza 2022, ana kilomita 21.1 tu, kazi yake ni rahisi zaidi. Ukitoka baharini usikimbie pekupeku mchangani. Tembea, vua suti ya kuogelea ukiwa umekaa, usiikanyage kwa mguu ule kuivuta.

Siku kumi kabla, fanya mtihani: inua kisigino kwa mguu mmoja mara 20, taratibu, kwa urefu ule ule wa mguu mzima, kesho yake asubuhi namba iwe 2 au chini. Ukifaulu, panda ndege. Ukifeli, waandikie waandaaji siku hiyo hiyo uulize kuhusu kuahirisha nafasi, maana dirisha hilo hufungwa mapema.