Viatu vya pikipiki vya kwendea kazini
Kaka, kama hapa Dar unatoka Kimara hadi Posta kwa pikipiki halafu unatembea dakika 15 mpaka ofisini, raba achana nazo. Tafuta buti fupi la ngozi linalofunika kifundo cha mguu, lenye soli ya mpira. Pale Karume kwenye mitumba, lishike kisigino na ncha, lisokote kama unakamua nguo. Likijikunja kirahisi, lirudishe. La kushoto likague juu ya vidole, maana pedeli ya gia, unayoinyanyua kwa mguu huo, hula hapo kwanza. Langu lilitobokea hapohapo. Kamba zichomeke ndani. Yangu ilinasa kwenye gia nilipotaka kushusha mguu kwenye foleni, nikalala na pikipiki yote, abiria wa daladala wakishangilia! Na usilipe kabla hujatembea nalo kidogo, ukiwa na soksi zako za kazini.