Aliyekwisha kujifungua bado ni mgonjwa wako

Wadogo zangu mnaoanza ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, karibuni wodini. Mengi mtafundishwa na walimu wenu. Mimi ninalo moja, na ninawasihi mlishike tangu wiki ya kwanza, maana kazi yenyewe itawavuta mlisahau.

Mtavutwa na leba na thieta. Huko ndiko kwenye heka heka, ndiko mnakojifunza kufungua na kushona, ndiko logibuku, daftari la kazi mlizofanya, inakojaa. Mama akishajifungua, mtoto amelia, kondo la nyuma limetoka, sote tunageukia kitanda kinachofuata. Hapo ndipo anapoweza kutuponyoka. Kuvuja damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya akina mama Tanzania, na mara nyingi hutokea ndani ya saa 24 za kwanza, hasa zile saa za mwanzo kabisa ambapo kila mtu ameshapumua.

Damu haitoki kwa kishindo kila mara. Inachuruzika, khanga inainywa, khanga ya pili inatandikwa juu ya ya kwanza, na mama amejifunika gubigubi kwa sababu anasikia baridi. Ukimuuliza anaendeleaje atakujibu, "Namshukuru Mungu, dokta." Usiondoke na jibu hilo. Muombe ruhusa, funua, tazama khanga ya chini kabisa, kisha weka mkono tumboni karibu na kitovu. Mfuko wa uzazi uliojikaza utausikia mgumu kama ngumi. Ukiwa laini, anza kukanda papo hapo huku unaita msaada, na ukumbuke kibofu: kikijaa mkojo, mfuko haujikazi vizuri. Mapigo ya moyo yahesabu mwenyewe. Hayo hupanda mapema, wakati presha ya mama kijana inaweza kubaki nzuri mpaka ameshapoteza damu nyingi. Presha ya 110/70 peke yake isikuridhishe.

Kukadiria damu kwa macho kunawadanganya hata wazoefu. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuchapishwa 2023, ulitumia mfuko wa plastiki wenye vipimo unaotandikwa chini ya mama, kisha tiba zikatolewa kwa pamoja badala ya kusubiriana: kukanda, oksitosini ya kukaza mfuko wa uzazi, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu kuganda, maji ya mshipani, na kutafuta damu inatokea wapi. Kuvuja damu kukali na madhara yake vilipungua kwa asilimia 60. Kama wodi yako haina mfuko huo, pima khanga na pedi kwenye mizani. Inawezekana, nimeona inafanyika.

Mwenye shinikizo la juu la mimba naye hajavuka. Kifafa cha mimba kinaweza kuja baada ya mtoto kuzaliwa, ndiyo maana magnesiamu, dawa ya kukizuia, inaendelea kwa saa 24. Kabla ya kila dozi angalia pumzi, zisipungue 16 kwa dakika, gonga goti uone kama mguu unaruka, tazama kama mkojo unatoka wa kutosha.

Kuhusu wakunga: wasalimieni kwanza, waulizeni, wasikilizeni. Sista aliyezalisha miaka mingi akikwambia saa kumi alfajiri, "Dokta, yule mama wa kitanda cha dirishani sura yake siipendi," nyanyuka uende. Usimtake akutajie presha kwanza. Ameona kitu ambacho chati bado haijakiona.

Bosi wako mpigie mapema, wakati bado una cha kumwomba. Na nje ya geti yuko mama mkwe wa mgonjwa na chupa yake ya uji. Akihitajika mtu wa kuchangia damu, toka umweleze wewe, usimtume mlinzi.

Asubuhi ukikabidhi zamu, msiishie mezani na mafaili. Pitieni wodini wawili, anayeondoka na anayeingia, na muanze na waliojifungua usiku. Kila mmoja wao mkono wa anayeingia umguse tumboni kabla wewe hujavua koti.