Talaka ya serikali peke yake haitoshi

Dada, umeuliza kama talaka ya mahakama ya serikali inatosha kuanza upya sinagogi. Kwa Wayahudi wa Orthodox, haitoshi. Unahitaji get, yaani hati ya talaka ya Kiyahudi, ya mistari 12 inayoandikwa kwa mkono kwa agizo la mume, yenye mashahidi wawili. Waambie marabi mapema majina yote mnayoitwa, hata ya utani, kwani jina likikosewa hati inaweza kubatilika.

Siku yenyewe unavua pete, unakinga viganja pamoja, na hati inadondoshwa humo. Unaifumba, unainua mikono, unatembea nayo hatua chache. Hapo umeachika kweli. Marabi huikata hati na kuitunza. Wewe unapewa cheti. Usikipoteze hicho! Ndicho utakachoulizwa ukitaka kuolewa tena. Kabla ya kuolewa ngoja siku 92, ili kusiwe na shaka mtoto ni wa nani. Kuhani, yaani mwanamume wa ukoo wa Haruni, hutaweza kuolewa naye.

Umesema hujui tena wewe ni nani. Jina lako la Kiebrania ni lako na la baba yako, "fulani binti fulani", na ndoa haikuligusa hata siku moja. Jitambulishe kwa hilo. Ijumaa hii washa mishumaa miwili ya Sabato, dakika 18 kabla ya jua kuzama, hata kama mezani uko peke yako. Kidushi, dua ya kuitakasa Sabato, isome mwenyewe juu ya kikombe cha divai: mwanamke anawajibika nayo sawa na mwanamume, huhitaji kumsubiri mtu.