Jibu: Kupekuliwa uwanja wa ndege na haki ya faragha

Ndugu, umeuliza kama mama yako, aliyeamriwa kuvua mtandio mbele ya foleni nzima katika uwanja wa ndege nchini Kenya, akabaki ameshika pini mkononi, alikuwa na haki ya kukataa. Ukaguzi wenyewe haukwepeki, nami nauunga mkono. Hata hivyo, Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha, na Ibara ya 24 inataka haki isibanwe ila kwa sheria na kwa kiasi kinachostahili, huku ikizingatiwa kama ipo njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lilelile. Njia hiyo ipo: chumba cha pembeni na afisa wa kike. Marekani nayo iliondoa viwanjani, mwaka 2013, mashine zilizoonyesha miili kama iliyo uchi, na ukaguzi ukaendelea. Akisafiri tena, aombe chumba hicho kabla hajafika kwenye mashine.