Maswali ya Wasomaji: Kwera wa Clarke hutaga wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba katika msitu wa Arabuko-Sokoke yumo kwera mweusi na manjano asiyepatikana penginepo duniani ila huku kwetu. Sisi wa Malindi tumezoea kuwaona kwera wakining'iniza viota vyao minazini, lakini cha huyu sijapata kukiona. Anaishi wapi hasa, na hutaga wapi?
Msomaji, Malindi

JIBU: Ndugu msomaji, uliyoyasikia ni kweli. Kwera wa Clarke, aliyeelezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1913, anaishi katika Kaunti ya Kilifi tu: Arabuko-Sokoke, na misitu ya Dakatcha iliyo kaskazini ya Mto Sabaki. Yule wa minazini ni manjano karibu mwili mzima, na kichwa chake kimekolea rangi ya machungwa, ilhali dume wa kwera wa Clarke ana kichwa na kifua cheusi ti, tumbo la manjano, na mbawa nyeusi zilizotiwa ukingo wa manjano. Jike hana weusi huo kichwani.

Ukitaka kumwona, inua macho hadi vileleni mwa mirihi, ile miti inayoota penye mchanga mweupe, kwa kuwa huko ndiko makundi yake hupita yakipekua wadudu majanini, mara nyingi yakiandamana na ndege wa aina nyingine.

Ama kiota chake, hata wataalamu walikitafuta kwa miaka mingi bila mafanikio, mpaka mwaka 2013 kundi lilipoonekana likitaga huko Dakatcha, katika kinamasi kinachojaa wakati wa mvua, viota vikiwa vimesukwa kwenye ndago zilizosimama majini. Kwa hiyo ndege huyu anahitaji mirihi ya kujilishia pamoja na kinamasi cha kulelea makinda, na kulinda kimoja pekee hakutoshi. Hapo ndipo penye wasiwasi wangu mkubwa, kwani Arabuko-Sokoke ni hifadhi ya serikali, lakini sehemu kubwa ya Dakatcha haina ulinzi wa namna hiyo, na miti yake inakatwa kwa ajili ya makaa na kufyekwa ili kupanda mananasi.

Basi ukibahatika kuwaona wakibeba nyasi kuelekea kwenye ndago, usiingie majini kuwafuata. Watazame kwa mbali, kisha wape habari vikundi vya wenyeji vinavyohifadhi msitu huo.