Uswisi mwezi wa Novemba bila gari: panga kuanzia bondeni

Mkuu, umeuliza kama wiki ya pili ya Novemba unaweza kutembea kwa miguu kwenye milima ya Uswisi ukitegemea treni na mabasi tu. Inawezekana kabisa, na mimi naupenda sana msimu huo kwa utulivu wake. Ila ratiba ya Julai usiichukue.

Kabla ya kulipia chumba, angalia kebo zipi (vyumba vya kubebea watu mlimani kwa waya) zinafanya kazi. Mwezi huo nyingi husimamishwa kwa matengenezo, na Schynige Platte, reli ya kupanda mlimani karibu na Interlaken, huwa imeshafunga msimu. Tarehe zimo kwenye tovuti zao. Treni za kawaida na mabasi ya manjano ya posta huendelea na safari.

Ningekaa mji wa Interlaken, kwa sababu vijiji vya juu hoteli nyingi hufungwa. Kutoka kituo cha Interlaken Ost, kijiji cha Lauterbrunnen ni kama dakika 20 kwa treni. Hapo tembea bondeni hadi Stechelberg: njia ni tambarare, kuta za mwamba huku na huku, na maporomoko ya Staubbach yanashuka karibu mita 300. Ukichoka, basi lipo. Siku nyingine panda basi hadi Iseltwald, ufuate ukingo wa ziwa Brienz kupita maporomoko ya Giessbach hadi mjini Brienz, urudi kwa treni.

Huko juu theluji inaweza kuwa imeshaanguka, na miteremko inayotazama kaskazini hushika barafu. Novemba mimi hubaki kwenye njia zenye vibao vya manjano vitupu, yaani njia za kawaida za kutembea. Vyenye alama ya nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia za mlimani, naziacha. Muda ulioandikwa kwenye kibao haujahesabu mapumziko, na jua linazama karibu saa kumi na moja jioni. Bondeni kivuli huingia mapema zaidi, kwa hiyo saa tatu asubuhi uwe umeshaanza.

Kuhusu tiketi: pasi za siku moja ni nafuu ukinunua mapema, lakini zinakufunga na tarehe. Chukua kadi ya nusu nauli, uamue asubuhi hiyohiyo kulingana na hewa. Jungfraujoch, kituo cha treni kilicho juu mlimani, mita 3,454, hufikika mwaka mzima, ila ni ghali. Tazama kwanza kamera zao za mtandaoni. Mara nyingi chini kuna ukungu mzito na juu jua linawaka.

Chakula cha njiani nunua Jumamosi, maana Jumapili maduka mengi hufungwa.